Shajara ya jahazi: fundi bomba wa nyumba ajifunza mabomba ya baharini

Februari, wiki ya kwanza

Juu ya meza ninayoandikia kuna vipande viwili vya valvu moja. Niliifunga mwenyewe miaka miwili na nusu iliyopita, kwenye boti ya uvuvi ya faiba inayoegeshwa hapa Kilifi, chini kidogo ya daraja. Mwenye boti alitaka koki ya kuingiza maji ya bahari ya kuoshea samaki. Nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua getivalvu ya brasi ya robo tatu inchi, ileile ninayofunga kila siku kwenye matangi ya nyumba. Nikaizungushia tepu nyeupe, nikakaza, nikalipwa. Haikuvuja hata tone.

Mwezi uliopita alitaka kuifunga. Alipozungusha gurudumu, shina lote likabaki mkononi mwake. Salama yake ni kwamba maji yalikuwa yamepwa na boti imelala mchangani.

Mzee mwenye karakana ya vyombo, ambaye sisi sote twamwita Ami, aliibana valvu hiyo kwenye jiliwa akaikata katikati kwa msumeno wa chuma. Nje ilikuwa bado njano. Ndani ilikuwa na rangi ya kamba aliyechemshwa, na ukiikwaruza kwa ncha ya kisu inamomonyoka kama biskuti. Brasi ya kawaida ni shaba iliyochanganywa na zinki, na zinki yaweza kufika thuluthi ya mchanganyiko au hata zaidi. Maji ya chumvi hula zinki yakaacha shaba peke yake, yenye vitundu vitundu kama sifongo. Umbo linabaki lilelile na nguvu imekwisha. Kwa macho huwezi kujua.

Nina cheti cha gredi ya pili na miaka tisa ya kazi, mahoteli na nyumba za watu kuanzia Kilifi hadi Malindi. Nilimwamkia Ami, nikamwomba anifundishe. Hakunijibu moja kwa moja. Aliniuliza, "Na nyingine kama hii umefunga wapi, mwanangu?"

Nilikaa nikahesabu. Ni vyombo vinne. Hii ya uvuvi. Boti ya kioo ya kuonyesha watalii matumbawe, Watamu. Mashua ya injini ya Takaungu. Na boti ya wapiga mbizi iliyokuwa Mtwapa. Ami alinikatia kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji akaniambia niviandike, nami nimeibandika karatasi hiyo ukutani. Shajara hii ni ya jahazi tutakalolifanyia kazi hadi Juni, lakini ile karatasi nayo ni sehemu ya kazi.

Februari, wiki ya tatu

Jahazi lenyewe lina urefu wa futi 45, lilijengwa Matondoni kule Lamu, mbao za mbambakofi, misumari ya chuma iliyopakwa zinki. Lilikuwa likibeba boriti na mawe ya kujengea. Sasa mwenye chombo anataka kulala na wageni baharini siku mbili tatu, kwa hiyo anahitaji choo, sinki ya jikoni, tangi la maji baridi na pampu ya ngama, yaani ya kutoa maji yanayokusanyika chini kabisa ndani ya chombo. Mpaka leo lina tundu moja tu lililo chini ya maji, la kupoozea injini, mbali na bomba la mhimili wa rafadha.

Juma zima nimejifunza chombo kabla ya kugusa spana. Nimelala kifudifudi ngamani na tochi, nikichora kila taruma, yaani ubavu wa ndani wa chombo, na kila maungio ya mbao kwenye daftari. Maneno mengine nilikuwa nayo tangu utotoni bila kuyafikiria. Babu yangu alikuwa akitutuma tuchukue upo, ile kata ya kutolea maji chomboni, tukafue maji. Sikuwahi kuwaza kwamba upo na pampu ya umeme ni kazi moja.

Ami alinipa hesabu ya kufanya nyumbani: tundu la milimita 25, nusu mita chini ya mstari wa maji, mpira wake umechomoka. Maji kiasi gani? Kasi ya maji kwa kina hicho ni mita 3 na ushei kwa sekunde. Ukipunguza kwa sababu maji hujibana yanapopita kwenye tundu, unabaki na kama lita 55 kwa dakika. Debe la lita 20 kila baada ya sekunde 22. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea nukta.

Nyumbani mpira ukichomoka usiku, mwenye nyumba huamka sakafu imelowa, anafunga mita, ananipigia simu. Hapa hakuna mita.

Machi, wiki ya kwanza

Tumebishana siku nne kuhusu malighafi. Nasema tumebishana kwa sababu Ami hapendi nikubali jambo kabla sijalielewa.

Mimi nilikuja na jibu tayari: bronzi. Nilikuwa nimesoma, nikajua bronzi ya vyomboni haina zinki nyingi kama brasi, na kwamba kuna pia brasi ya aina maalumu iliyotengenezwa isipoteze zinki. Nilikuwa nimesoma hata kiwango cha kimataifa cha ISO 9093-1 cha mwaka 1994, kilichokihesabu kifaa cha ubavuni kuwa kinahimili kutu kikimaliza miaka 5 bila kasoro. Miaka 5! Jahazi hili lina zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo nikasema bronzi halisi, gharama iwe itakavyokuwa.

Ami alinipeleka nyuma kwenye tezi, mahali bomba la mhimili wa rafadha linapotoka. Bomba hilo ni la bronzi. Aling'oa msumari uliokuwa shibiri moja kutoka hapo, kisha akang'oa mwingine katikati ya chombo. Wa katikati ulikuwa na kutu ya juu juu, mnene kama kidole cha mtoto. Wa karibu na bronzi ulikuwa umebaki kama sindano ya kushonea magunia.

Bronzi na chuma vikiwa ndani ya mbao zilizolowa chumvi ni kama betri. Chuma ndicho kinacholiwa. Ningefunga koki nne nzuri za bronzi, zingedumu miaka mingi sana, na kila moja ingekula polepole misumari inayoshika mbao zinazoizunguka. Kwenye boti ya faiba bronzi ni chaguo jema. Kwenye jahazi la misumari ya chuma, hapana.

Tumechagua sikoki, yaani koki za kufungia matundu ya ubavuni yaliyo chini ya maji, za nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo. Nakiri ilinichukua muda. Fundi wa nyumba akiona plastiki anaona kitu cha bei rahisi cha nyumba ya kupangisha. Lakini hii haijui kutu, haifanyi betri na chuma, na ukiishika ni nzito mkononi kuliko unavyotarajia. Ina udhaifu wake: haipendi moto, na mpini wake unaweza kuvunjika ukiukanyaga. Kwa hiyo hatufungi hata moja kwenye chumba cha injini, na kila moja itajengewa kisanduku cha mbao ili mtu asiikanyage. Koki ya injini iliyopo, ya bronzi, tumeiacha. Tumeng'oa misumari iliyoizunguka tukapiga mipya.

Machi, wiki ya pili

Siku ya meno. Mzigo wa sikoki ulifika, mbili zina meno ya Kimarekani na mbili ya Kiingereza, haya tunayotumia madukani kwetu. Kwa nusu inchi na kwa robo tatu, mifumo yote miwili ina meno 14 kwa kila inchi. Ndiyo sababu yanadanganya. Unaanza kukaza, yanaingia raundi mbili tatu vizuri kabisa, halafu yanakuwa magumu nawe unadhani yamefika. Kumbe pembe ya jino ni nyuzi 60 kwa moja na 55 kwa nyingine, na yanagusana kwenye ncha tu. Inchi moja inajisema yenyewe maana ni meno 11 na nusu dhidi ya 11, inakataa mapema.

Nilijaribu moja kwenye meza na pampu ya kupimia. Ilishika maji kwa saa moja kisha ikaanza kutoa jasho. Saa moja! Nyumbani ningekuwa nimeshaondoka. Zile mbili za Kimarekani tumezirudisha.

Jioni nilipitia kwa sumaku klipu zote za kubania mipira. Klipu inaweza kuandikwa kwamba ni chuma kisichoshika kutu, na mkanda wake ukawa hivyo kweli, lakini skrubu yake ikawa chuma cha kawaida. Sumaku ikivuta skrubu, klipu hiyo haishuki chini ya mstari wa maji. Kati ya klipu 40 nilizonunua, 16 zimekwenda kwenye kopo la kazi za nchi kavu. Nimekataa pia zile zenye mkanda uliotobolewa matundu. Huchanika pale pale kwenye matundu.

Machi, bamvua ya mwisho wa mwezi

Tumelipandisha jahazi saa kumi jioni, maji yakiwa yamejaa kabisa. Pwani yetu bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mabaharia wamekuwa wakitumia nguvu hiyo tangu kabla ya kreni. Watu kumi na wawili, kamba mbili, magogo ya mnazi chini ya mkuku. Maji yalipopwa jahazi likabaki juu ya mchanga, limeegemezwa kwa nguzo. Maji mafu, yale yanayojaa kidogo, hayatalifikia hapo. Tuna hadi bamvua inayofuata, siku kama 14, kisha liwe limekamilika ama lisikamilike, bahari itarudi.

Siku ya kwanza hadi ya tatu: kuosha kwa maji baridi, kukwangua, kuacha mbao zikauke. Nilitaka kutoboa siku ya pili. Ami alikataa, gundi ya epoksi haishiki mbao zilizolowa.

Siku ya nne asubuhi, kutoboa. Nimetoboa kuta za zege mara nyingi mno, za watu wenye mali kuliko mwenye jahazi hili, na mkono haujawahi kunitetemeka. Leo ulitetemeka. Tulitoboa kwanza kwa kijikeekee chembamba kutoka ndani, ili kuona kinatokea wapi nje. Tundu lazima liangukie katikati ya ubao, lisiguse maungio, lisiguse taruma, lisikutane na msumari. La kwanza lilitokea sentimita mbili karibu na maungio. Tulipiga kijiti chenye epoksi hapo, tukasogea.

Kisha msumeno wa duara kutoka nje, na Ami ndani ameshika kipande cha ubao dhidi ya upande wa pili ili mbao zisipasuke msumeno ukitokea. Nilipouvuta msumeno nikaona mwanga wa pwani kupitia ubavu wa chombo, na uso wa Ami upande wa pili. Hakusema kitu. Alinipa mkono kupitia tundu lile.

Mduara wa mbao uliotoka niliuhifadhi. Unanukia mbambakofi hadi sasa.

Siku ya tano na ya sita: epoksi kwenye ukingo wa ndani wa kila tundu, mikono mitatu, kwa sababu pale ndipo nyuzi za mti zimekatwa na ndipo maji yangepenya. Vitako vya ndani tulivikata kutoka mbambakofi ileile, kila kimoja kimechongwa kufuata mzingo wa ubavu upande mmoja na kuwa tambarare upande wa pili, ili sikoki ikalie mahali sawa. Uchongaji huu ndio uliokula muda kuliko kazi nyingine zote. Kitako kimoja nilikichonga mara nne.

Siku ya saba, kufunga. Kwanza vyote vikavu, bila gundi, kuona shingo, lile bomba fupi linalopita ubavuni, inaingia kiasi gani kwenye sikoki na kukata iliyozidi. Halafu gundi ya poliyurethani, nyingi, mpaka ikatoka pande zote kama siagi kwenye mkate. Silikoni ya bafuni haina nafasi hapa. Chini ya maji haishiki, na ikishagusa mbao hakuna gundi nyingine itakayoshika tena. Kukaza kunahitaji mikono ya watu wawili wanaoelewana. Mmoja nje anaizuia shingo isizunguke, mwingine ndani anakaza. Hukazi kwa nguvu zote, ukifanya hivyo unaikamua gundi yote ikaisha. Unaacha utando.

Tumefunga nne: maji ya kusukumia choo, kutoa choo, sinki, na ya kuoshea sitaha. Ami alitaka mbili, akisema sinki na sitaha vinaweza kuishi bila kutoboa chombo. Mwenye chombo alishikilia nne. Nikiulizwa leo nitakuwa upande wa Ami.

Kwenye kila sikoki nimefunga kwa uzi kijiti cha mti laini kilichochongwa kama karoti, cha ukubwa wa tundu lake. Mpira ukipasuka au koki ikivunjika, kinapigwa nyundo mle. Mti laini kwa sababu unavimba ukilowa.

Aprili, kushusha

Maji yalilifikia jahazi saa tisa na nusu alasiri. Nilikuwa ngamani peke yangu na tochi na kitambaa.

Na maji yakaingia. Mengi. Kwa dakika chache nilidhani nimelizamisha jahazi la watu. Kumbe mbao zilikaa juani wiki mbili, zimesinyaa, na hata baada ya kupigwa kalafati upya, yaani kuzibwa mianya yake, lazima zinywe maji kwanza ndipo zivimbe na kubana. Mabaharia walikuwa wanajua; walishajipanga na ndoo wakiongea habari za kandanda. Hakuna aliyekumbuka kuniambia, kwao ni jambo la kila mwaka.

Tatizo langu lilikuwa lingine. Katika ngama iliyolowa yote, utajuaje kama koki yako inavuja? Ami alinirushia chaki. Nikaikausha kila sikoki kwa kitambaa, nikaipaka chaki kwenye kitako, kwenye maungio na kwenye klipu, nikakaa nikatazama. Chaki ikilowa inageuka rangi kutoka pale hasa maji yanapoanzia. Tatu zilibaki nyeupe usiku kucha. Ya sinki ilipata mstari mwembamba mweusi, kutoka kwenye mpira. Niliukata mpira upya, mkato ulionyooka, nikauchovya kwenye maji moto ukalainika, nikauingiza hadi mwisho, klipu mbili zikitazamana pande tofauti. Alfajiri ilikuwa nyeupe.

Siku ya tatu mbao zilikuwa zimeshavimba. Ndoo moja kwa siku, ambayo nahodha anaiita ukavu.

Aprili, wiki ya tatu: choo

Kabla ya kufunga cha jahazi, tuliitwa usiku kwenye boti ya faiba ya mgeni aliyetia nanga hapa kwenye hori. Aliamka kwenda haja akakanyaga maji hadi kwenye vifundo. Mpira wake wa kuingiza maji ulianzia kwenye koki, ukapanda kidogo, ukaingia kwenye bakuli la choo lililo chini ya mstari wa maji. Koki iliachwa wazi, na kizuizi cha pampu kilikuwa kimechakaa. Bahari ilijinyonya yenyewe kuingia kwenye bakuli, ikafurika, kimya kimya. Hakuna kilichovunjika. Kila mpira ulikuwa mzima.

Nilipofika nyumbani nilichora tena mpango wangu wote wa choo. Mpira unaoingia unapanda kwanza hadi juu, nusu mita juu ya mstari wa maji, unapinda, ndipo unashuka. Kwenye kilele cha upinde kuna kipumulio, kijivalvu kidogo kinachoruhusu hewa kuingia, ili mnyonyo ukatike. Unaotoka nao una upinde wake. Urefu huo unahesabiwa chombo kikiwa kimelala upande tanga likijaa upepo. Hesabu ya chombo kilichosimama wima bandarini haitoshi. Kipumulio huziba kwa chumvi, na kikiziba upinde mzima ni pambo. Tumekiweka mahali mkono unafika, kioshwe kwa maji moto.

Nimejifunza pia kwamba harufu ya choo cha chombo mara nyingi haitokani na kinyesi. Maji ya bahari yaliyobaki kwenye mpira yana viumbe vidogo, vinakufa, vinaoza, na asubuhi pampu ya kwanza inatoa harufu ya yai viza. Dawa yake ni kusukuma maji baridi kidogo kabla ya kukiacha chombo. Harufu ikiwa ya mpira wenyewe, unafunga kitambaa kilicholowa maji moto kuuzunguka, kikipoa unakinusa. Kikinuka, mpira umeshapenyeka, unang'olewa.

Kuhusu tangi, hapa nina msimamo. Mwenye chombo aliuliza kwa nini tusimwage tu. Mkataba wa MARPOL, ule wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotoka melini, Kiambatisho cha Nne, unazitaka meli kubwa zimwage kinyesi kisichotibiwa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, tena zikiwa zinakwenda si chini ya noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa. Jahazi la futi 45 si meli kubwa, lakini hori la Kilifi ni bwawa lenye mlango mwembamba, watoto wangu wanaogelea humo na akina mama wanaokota chaza humo. Wageni kumi, kila mmoja mara tano kwa siku, lita 2 kila mara, ni lita 100 kwa siku. Tumefunga tangi linalotosha safari ya siku tatu na bomba la milimita 38 hadi sitahani, ambako gari la kunyonya maji taka linaunganisha mpira wake chombo kikiwa gatini. Ile koki ya kutolea nje imefungwa kwa waya na lakiri. Mwenye chombo alikubali. Nashukuru alikubali.

Mei, wiki ya kwanza

Mvua ya masika. Hakuna kazi sitahani. Nilikwenda Takaungu kwa matatu, nikaikuta ile mashua ya injini imepandishwa. Getivalvu yangu ilikuwa bado inazunguka vizuri. Mwenye mashua, mzee wa makamo, alisema kijana mbona waniondolea kitu kizima. Nilimwomba msumeno tuikate pamoja. Waridi hadi kwenye meno. Nimemfungia mpya kwa gharama yangu. Nimeweka alama ya pili kwenye karatasi ukutani.

Mei, wiki ya tatu: maji baridi

Nilidhani hapa nitakuwa nyumbani. Tangi, pampu, bomba, koki.

Nilianza na bomba za PPR, plastiki ngumu ya kuunganisha kwa moto, ninazoziamini. Ami aliniacha nifunge mita tatu, kisha akaniambia niweke kiganja juu ya bomba na kingine kwenye taruma, jahazi likiyumba na injini imewashwa. Mbao zinasogea. Bomba halisogei. Maungio yangepasuka kabla ya mwaka kwisha. Nimezing'oa nikaweka PEX, bomba la plastiki linalopinda, limeshikwa kwa vibanio vilivyolegea kidogo.

Kisha pampu ya volti 12. Inanyonya kutoka tangini, na upande wa kunyonya una tabia ambayo sikuwahi kukutana nayo. Kwenye nyumba uvujaji unadondosha maji. Hapa ungio lililolegea kabla ya pampu halidondoshi kitu, linanyonya hewa. Nilitafuta tone siku mbili huku bomba la jikoni likikohoa na pampu ikizunguka bila kikomo. Mwishowe niliweka kipande cha mpira wa kioo kabla ya pampu nikaona mapovu. Ungio lenyewe, kwenye kifuniko cha chujio, lilikuwa kavu kama kiberiti.

Na siku iliyofuata pampu ikawa dhaifu. Nililaumu pampu. Ulikuwa waya. Pampu inavuta ampea 7, betri iko mita 10 mbali, na nilitumia waya wa milimita za mraba 1.5 kama wa taa. Kwenda na kurudi ni mita 20, unapoteza zaidi ya volti moja na nusu njiani. Kwa waya wa milimita za mraba 4 unapoteza kama 0.6. Fundi wa umeme wa nyumbani, ambako kuna volti 240, hahitaji kuliwaza hili kwa umbali kama huu.

Sasa nasikiliza pampu usiku. Kama hakuna aliyefungua bomba na inagonga mara moja kila baada ya muda, kuna tone linalodondoka mahali.

Juni, wiki ya pili: ngama

Pampu ya ngama imeandikwa galoni 500 kwa saa, galoni za Kimarekani. Hiyo ni lita 31 na nusu kwa dakika, ikisukuma mahali pa usawa, bila mpira, na betri imejaa. Tulimwaga madebe kumi ngamani, saa mkononi. Ilitoa lita 17 kwa dakika. Sehemu ya maneno yake ililiwa na kimo cha kupandia, na sehemu nyingine na mpira wenye mikunjo kama koo la ng'ombe. Tuliweka mpira usio na mikunjo ndani, tukapata 22.

Irudie ile hesabu ya Februari: 55 zinaingia, 22 zinatoka. Niliuonyesha ukurasa huo kwa mwenye chombo, nikamwachia daftari. Baada ya siku mbili alileta pampu ya pili, ya galoni 1,100, na king'ora. Ndogo inakaa chini kabisa kwa maji ya kila siku. Kubwa imepandishwa sentimita 15 juu yake, na ikiwaka yenyewe, king'ora nacho kinalia. Hata zote mbili pamoja sizitegemei zishinde mpira uliochomoka. Zinampa nahodha muda wa kufika kwenye koki na kile kijiti cha mti.

Swichi ya kuelea ilikwama siku ya kwanza. Maranda ya mbao kutoka kwenye vitako vyangu nilivyochonga wakati jahazi liko mchangani, bado yamo kwenye pembe za ngama. Nilipangusa ngama yote kwa mkono, taruma moja hadi nyingine. Saa sita.

Juni, wiki ya nne

Jahazi limekwenda safari yake ya kwanza na kurudi. Nahodha, ambaye mwanzo hakutaka choo ndani ya chombo chake kabisa, alinisimamisha gatini akanieleza kwamba kila machweo amefunga na kufungua kila sikoki mara moja, isipokuwa ile yenye lakiri, kama nilivyoandika kwenye ubao karibu na ngazi. Koki isiyoguswa hushika, na siku ya kuihitaji haizunguki. Ya kuoshea sitaha anasema imeanza kuwa nzito. Tutaitazama kwenye bamvua ijayo.

Boti ya kioo ya Watamu nilimaliza wiki iliyopita. Ilibaki ya wapiga mbizi. Haipo tena Mtwapa, iliuzwa, na ilinichukua simu sita kujua kwamba iko Shimoni. Nimetoka huko leo. Safari ya kutwa, na begi lenye sikoki ya bronzi, maana boti ni faiba, klipu nne, gundi, na kijiti cha mti mfukoni mwa shati.

Baharia aliyenipokea ni kijana mdogo, hakuwahi kunisikia. Nilimweleza mimi ni nani na nimekuja kufanya nini. Aliniruhusu. Tulisubiri maji yapwe, boti ikalala, nikaingia chini ya benchi la mitungi. Niliweka renchi kwenye valvu yangu na kuisukuma kidogo tu, kama mtu anayejaribu mlango. Ilikatika. Kijana aliinama akaokota kipande kilichoanguka, akakigeuza kwenye jua, akaona ile rangi.

"Hii imekuwa hapa muda gani?" aliuliza.

"Miaka mitatu," nilimwambia. "Nishikie tochi."